Ile Dawa ya Mafua Niliyodai Nimeisahau

Gathoni, mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua: umeondoka hapa asubuhi kwenda Othaya kusukwa nywele, umekunywa vikombe viwili vya chai, na umebeba ule mto mdogo wa kuegemeza shingo kwa sababu msusi wako hana haraka. Kabla ya saa kumi hutarudi. Baba yako yuko shambani kwenye majani chai, manyunyu hayataki kuwa mvua wala hayataki kuacha, na mimi nimekaa mezani jikoni na daftari kuukuu la dada yako. Kesho unaenda Embu, chuoni, kusomea ualimu. Mambo ya blanketi, sufuria na kufunga mlango nimekwisha kuyasema mpaka ukaniuliza, "Mum, kwani mimi sina masikio?" Hayo siyarudii.

Usishangae kwamba nakuandikia Kiswahili. Kikuyu ndicho nilichokuwa nikikugombeza nacho, na nikianza kukiandika naisikia sauti ile ile. Kiswahili nilikipata Nanyuki kabla sijaolewa, nikiuza vitambaa dukani kwa Mama Zuhura, mke wa mfanyabiashara wa mifugo, ambaye hakunipigia kelele hata siku niliyokata kitambaa cha mteja kombo. Labda kwa lugha yake nitaweza kusema ninachotaka kusema bila kupandisha sauti.

Ni kuhusu jana. Watu walipokuja kukuaga, baada ya kula, ulisimama karibu na mlango ukasema, "Wengi wenu mnajua story yangu. Lakini mimi nataka kushukuru mum. Kama si yeye kukumbuka ile dawa ya homa, saa hii singekuwa nimesimama hapa." Wakapiga makofi. Jirani yetu akanishika bega. Nikafunika uso na leso, wakadhani ni furaha.

Gathoni, sikukumbuka. Anayekumbuka ni yule aliyesahau kwanza, na mimi ile dawa sikuisahau hata siku moja. Hilo ndilo nililokalia hapa kukuandikia, lakini ngoja nilifikie kwa miguu, maana nikilirusha hivi hivi utadhani nimechanganyikiwa.

Ulipozaliwa, jina la nyanya yako mzaa baba lilikuwa limeshachukuliwa na dada yako Wairimu, kwa hiyo wewe ukapata la mama yangu. Ndiyo maana tangu ukiwa mchanga nakuita maitu, mama yangu. Ulipofungua macho hukuyafungua yote. Kope zilikaa nusu, na jioni zilishuka zaidi. Sasa, mama yangu naye, katika uzee wake, kope zake zilikuwa zimeshuka vivyo hivyo. Shangazi zangu walipokuja kukuona walipiga vigelegele mpaka ng'ombe akashtuka: "Ni yeye! Amekuja na macho yake!" Ni nani angempeleka mtoto hospitali kwa kosa la kufanana na yule aliyemrithi jina? Tuliona ni heshima. Ulipochelewa kutembea wakasema cucu, yaani nyanya yako, naye hakuwa mtu wa haraka. Ulipokuwa ukichoka kutafuna nyama, wakasema cucu alipenda uji. Kila dalili tuliipa jina la ukoo. Daktari alikuja kunieleza baadaye kwamba kope za mama yangu zilikuwa za uzee tu, wala hazikuhusiana na zako hata kidogo. Miaka kumi na miwili tulikuwa tukiupigia vigelegele ugonjwa.

Lakini macho yalisamehewa kwa kuwa ni ya cucu. Miguu haikusamehewa. Unaijua hii nchi yetu, kila kitu unachokihitaji kiko chini mtoni na kila nyumba iko juu. Mtoto hapa hupimwa kwa kupanda mlima. Wairimu akiwa na miaka tisa alikuwa akiukata mlima na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, mgongoni, ukanda wa mukwa umemkaza kichwani, na bado ana pumzi ya kuimba. Wewe ukiwa na miaka kumi na miwili ulikuwa ukipumzika mara tano, na mukwa ukikuvuta kichwa nyuma mpaka unalazimika kuushika ukanda kwa mikono miwili. Nilisimama pale juu kwenye mgomba nikikutazama, mikono kiunoni.

"Mum, si uvivu. Miguu inakataa."

"Ati inakataa? Miguu yako iko na mdomo?"

Nilijiona hodari wa maneno. Nilikuita kiguta, yaani mvivu, na unajua kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko mwizi, kwa sababu mwizi angalau huamka mapema. Nilikuambia ajizi nyumba ya njaa. Nilikuambia samaki mkunje angali mbichi, na fimbo ya mpera ndiyo iliyokuwa ikikukunja. Baba yako alijaribu mara moja kusema, "Mama Wairimu, huyu mtoto anachoka kweli." Nikamwambia aende akamwoshee vyombo kama anamhurumia. Alinyamaza, na mimi nikakuhesabia wewe hata ule unyamavu wake.

Halafu ikaja Julai ile, ulipokuwa darasa la sita. Unaikumbuka baridi yake, ukungu haukuondoka wiki nzima nzima na nguo zilikauka kwa moto. Ulishikwa na mafua yasiyoisha, yale unayoyaita homa, pua imeziba, unalala mdomo wazi. Nikaenda kwa duka la dawa sokoni, yule kijana akanipa chupa ya dawa ya kuzibua pua, kijiko mara tatu kwa siku. Chupa ikaisha, mafua yakabaki, nikanunua nyingine, na nyingine tena. Sikujua kwamba dawa ile hainywewi kwa muda mrefu hivyo. Karibu mwezi mzima ulikuwa ukiinywa.

Sijui ni siku gani hasa ilianza. Ninachojua ni kwamba jioni moja nilikuwa nikikama ng'ombe nikasikia mtu anapanda mbio, nikadhani ni Wairimu. Ulikuwa wewe. Mukwa kichwani, mzigo mgongoni, uso wako wote uko wazi, macho makubwa, meupe, macho ambayo sikuwa nimewahi kuyaona yote mawili kwa wakati mmoja jioni.

"Mum, angalia! Sijapumzika hata mara moja!"

Wiki ile uliinua mikono ukaanika nguo kwenye kamba ya juu. Ulimfukuza ndama ukacheka. Mwalimu wako alinisimamisha njiani akaniambia, "Gathoni siku hizi halali darasani, mmemfanyia nini?" Mtu mwenye akili angejiuliza swali lile lile. Mimi nilifurahi jioni moja tu. Asubuhi yake nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo naikumbuka. Sikujiuliza nguvu zako zimetoka wapi. Nilijiuliza ulikuwa umezificha wapi miaka yote hiyo, ukaniacha nibebe nepia na mgongo wangu huu.

Kwa hiyo mafua yalipopona na chupa ikaisha, nawe ukaanza kushuka tena, kope, kisha shingo, kisha miguu, mimi nilikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimekuona ukikimbia. Hapo ndipo nilipokupiga kweli. Kabla ya Julai nilikupiga nikiwa na shaka kidogo, na shaka ilikuwa ikiushika mkono wangu. Baada ya Julai sikuwa na shaka yoyote. Nguvu zako za mwezi mmoja, ambazo zilikuwa neema, nilizigeuza kuwa kesi dhidi yako.

Na ulinieleza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulinieleza kwa mdomo wako, kwa lugha ya mtu mzima.

"Mum, ni ile dawa ya homa. Nikikunywa hiyo naskia miguu ni yangu."

Nikacheka. Nikaenda kumsimulia jirani, tukacheka wawili.

Mwezi wa tisa nikakuta tembe katika mkebe wako wa vifaa vya hesabu, chini ya bikari. Tembe za mafua, za dukani, ulizozipata kwa kuwauzia wenzako mapera. Wakati huo kila Jumapili tulikuwa tukiambiwa kuhusu vijana na vidonge, na mtoto wa jirani wa ng'ambo ya mto alikuwa ametoka kufukuzwa shule. Sikukuuliza hata neno. Nilizitia motoni zikitazamwa na wewe, nikakupeleka kwa akina mama wa kikundi cha maombi, ukapigishwa magoti katikati ya sebule ya watu ukatubu uraibu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukaahidi mbele yao kwamba hutazigusa wala kuzitaja tena. Wakakuombea kwa sauti, nami nikalia kwa uchungu wa mama mwema.

Ulishika ahadi yako. Watu wazima wangapi wanashika?

Wiki tatu baadaye mukwa ulikuangusha pale kwenye mawe ya mtoni. Kichwa kilikwenda nyuma, magoti yakafuata, na mkono ukavunjika. Katika kituo cha afya walikufunga gango, lakini yule muuguzi alikutazama kope, akakuambia uinue mikono na uishikilie, ikashuka yenyewe. Akaniambia, "Mama, mkono si ndio shida. Peleka huyu Nyeri."

Nyeri tulimpata daktari mwanamke, kijana, mwenye sauti ndogo. Alikupima kutwa nzima. Kisha wewe ukapelekwa kupigwa picha ya mkono, tukabaki yeye na mimi. Akaniambia si uvivu. Aliniambia hilo kwanza, kana kwamba alijua. Akasema kuna mahali ambapo mshipa wa fahamu unakutana na msuli, na kwako, tangu kuzaliwa, ujumbe ukifika pale unapita kwa shida, na kadiri unavyojitahidi ndivyo unavyozidi kufifia. Kisha akaniuliza. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mama, kuna wakati wowote huyu mtoto amewahi kuwa na nguvu kuliko kawaida? Hata kama ni siku chache? Labda akitumia dawa fulani?"

Maitu, hilo ni swali lililokuja likiwa limebeba jibu lake. Niliiona chupa. Niliyaona macho yako makubwa jioni ile. Niliziona tembe zikiyeyuka juu ya kuni. Na niliona kwamba nikifungua mdomo niseme dawa ya mafua, ataniuliza, "Na baada ya hapo ilikuwaje?" Ningemjibu nini? Kwamba nilimchapa kwa kuwa alipata nafuu? Kwamba alinieleza nikamchekea, akajitafutia tiba mwenyewe nikaichoma, nikampigisha magoti?

Nikamwambia, "Hapana, daktari."

Sikuwa nimechanganyikiwa, wala sikuwa nimechoka. Nilimwangalia usoni nikasema hapana.

Akakupa dawa ambayo huwapa wengi wenye udhaifu kama huo. Inawasaidia wengi. Aina yako, akaja kutueleza, ni ile ambayo dawa hiyo huiangusha. Unajua ilivyokuwa, ingawa sina hakika unajua ilichukua muda gani. Miezi saba. Uliacha shule. Baba yako alikuwa akikubeba kwenda chooni. Chai ilikuwa ikikutokea puani. Kila mwezi tulirudi Nyeri, kila mwezi daktari anabadilisha kipimo, anauliza tena kwa njia nyingine, na kila mwezi mimi ninakaa kwenye kiti kile kile nikiwa na jibu mdomoni. Nilijiambia haiwezekani dawa ya kuzibua pua ikawa na uhusiano na miguu. Nilijiambia daktari amesoma, angekuwa anajua. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi nilikuwa nikificha dawa, na kilio kilikuwa chako.

Kilichonivunja si dhamiri, usinipe hata hiyo. Ilikuwa ni kijiko cha uji. Nilikuwa nikikulisha hapa hapa mezani, ukasakamwa, midomo ikabadilika rangi, nikakupiga mgongoni mpaka ukapumua. Ulipopata pumzi ukasema, "Pole, mum." Wewe ndiye uliyeniomba msamaha. Kesho yake tulikuwa Nyeri kabla milango haijafunguliwa.

"Daktari," nikasema, "kuna kitu nimekumbuka."

Nikamwambia habari ya chupa. Ya chupa tu. Aliweka kalamu chini. Akaniambia ndani ya baadhi ya dawa za kuzibua pua kuna kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya misuli kabisa, lakini kwa watu wachache wa aina yako huusaidia ule ujumbe kupita, na madaktari wenyewe walishangaa walipoligundua hilo. Akaisimamisha dawa ya kwanza. Akapima moyo wako, akatafuta dawa ya ukoo huo huo iliyopimwa sawasawa, akatuonya kwamba ile ya dukani ingeweza kukuharibia moyo, na kwamba mwingine mwenye udhaifu kama wako ingempa madhara badala ya nguvu. Kisha akanishika mkono akasema, "Asante kwa kukumbuka, mama. Wengine hawakumbuki."

Nikaliacha neno hilo likakaa. Daktari akalipeleka kwa wanafunzi wake wa udaktari, likafika kwa baba yako, likafika kanisani. Baada ya miezi michache ulipanda mlima wetu kwa miguu yako, na watu wakalisema tena. Nimeishi ndani ya neno hilo miaka sita kama mtu aliyevaa koti la kuazima akajisahaulisha kulirudisha. Jana ulinifunga vifungo vyake mwenyewe, mbele ya watu.

Sitaki unidhanie nakuandikia ili nipungukiwe na mzigo. Ingekuwa ni mzigo tu ningeendelea kuubeba, mgongo ninao. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kuwa mwalimu, na jana ulisema kitu kingine ambacho wengi hawakukisikia. Ulisema, "Mtoto akiwa na mama anamwangalia vizuri, hawezi potea." Utakwenda Embu ukiamini hivyo, na siku moja utamwona mtoto amelaza kichwa kwenye dawati, utamwita mama yake, mama atasema ni uvivu, nawe utamwamini kwa sababu yangu. Usimwamini. Nilikuwa nikikuangalia kila siku, pale kwenye mgomba, mikono kiunoni. Sikuwahi kukuondolea macho. Muulize mtoto mwenyewe, umwache amalize kusema, hata akikueleza jambo la kuchekesha.

Tena kuna hili. Mwaka jana uliniambia hujui kwa nini huwa unaomba radhi kila unapochoka, hata kwa watu usiowajua. Nikakuambia ni tabia nzuri tu. Sasa unajua umeitoa wapi. Hukuzaliwa nayo, na cucu hakuwa nayo. Ni mimi niliyekutia, kwa fimbo ya mpera, na ningeweza ningeitoa kwa mikono yangu kama mtu anavyotoa mwiba.

Ulikuwa sahihi, Gathoni. Ukiwa na miaka kumi na miwili, bila daktari, bila kitabu, uliujua mwili wako ukautafutia dawa kwa mapera. Sifa ile ya jana ni yako. Ichukue.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya shuka zako, uikute Embu, nami niwe mbali. Nimeliona hilo kuwa ni "Hapana, daktari" nyingine. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukitoka Othaya, kabla sijakumiminia chai, na nitakaa kiti cha mbele yako mpaka umalize. Usiharakishe. Huna haja ya kunisamehe kwa sababu ya safari ya kesho. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kulia, lia kwa sauti unayotaka, jirani asikie, nitamweleza mwenyewe sababu.

Na ukiniambia inauma, maitu, nitakuuliza wapi, na safari hii nitaamini.

Mama yako